Kibali cha Ujerumani si kibali cha Uholanzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie jambo linalowaumiza vijana wetu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaokwenda Ulaya kusoma au kujitolea kupitia vyuo na makanisa. Safari ya kwanza huandaliwa vizuri: viza, bima, tiketi, makoti ya baridi. Wasiloambiwa ni nini kinatakiwa siku watakapotaka kuhama kutoka nchi moja ya Ulaya kwenda nyingine. Treni inavuka mpaka, mara nyingi bila askari wala kizuizi, na kijana anaamini kwamba sheria nayo imebaki ile ile.

Kadi ya kibali cha kuishi Ujerumani inamruhusu Mtanzania kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo inahesabiwa. Ni kutembelea tu. Hairuhusu kuhamia Uholanzi, wala kuajiriwa huko. Ule uhuru wa kuhamahama unaosifiwa ni wa raia wa Umoja wa Ulaya na familia zao. Mwanafunzi aliye kwenye mpango wa Umoja au mkataba wa vyuo viwili anaweza kusoma nchi ya pili hadi siku 360, lakini mkataba huo lazima uwepo kweli, na chuo kiulizwe kwanza kama taarifa inatakiwa kupelekwa uhamiaji. Aliyeishi kihalali miaka 5 mfululizo na kupewa hadhi ya mkazi wa muda mrefu wa Umoja anaruhusiwa kuomba kibali cha nchi ya pili ndani ya miezi 3 tangu afike. Denmark na Ireland hazimo katika utaratibu huo. Wengine wengi wanaanza upya. Kwa mwanafunzi anayekwenda Uholanzi, chuo ndicho kinachompelekea maombi uhamiaji, kwa hiyo asisafiri kabla chuo hakijamjibu.

Kibali kikishapatikana, kazi haijaisha. Kuna kuandikisha makazi, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Kibali kinatoka uhamiaji. Makazi yanaandikishwa halmashauri ya mji. Ni kama daftari la wakazi la mwenyekiti wa mtaa, ila hilo la kwao limefungamana na kodi ya mapato, benki na bima ya afya, na usipokuwemo milango yote hiyo inakuwa migumu. Muda ni mfupi mno. Austria wanataka ndani ya siku 3 tangu kuhamia. Uholanzi ni siku 5 tangu kufika, kwa anayekusudia kukaa zaidi ya miezi 4, na hapo ndipo anapopewa namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 9. Ubelgiji ni siku 8 za kazi, kisha polisi wa mtaa anakuja nyumbani kuhakikisha kwamba kweli unaishi pale. Ufaransa haina daftari hilo. Viza ya muda mrefu inayohesabika kama kibali huthibitishwa kwa mtandao ndani ya miezi 3.

Ujerumani ni wiki 2, na kinachokwamisha ni karatasi moja. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Tangu Novemba 2015 mwenye nyumba anatakiwa kujaza fomu iitwayo Wohnungsgeberbestätigung: jina na anwani yake, anwani ya nyumba, tarehe ya kuhamia na majina ya wanaohamia. Kijana asiondoke kwa mwenye nyumba na funguo mkononi bila fomu hiyo kusainiwa, maana mwenye nyumba akishasafiri likizo wiki 2 zinapita. Kuchelewa kunaweza kuleta faini hadi euro 1,000. Kumpa mtu anwani ya nyumba asiyoishi ni kosa kubwa zaidi, faini yake inafika euro 50,000. Kwa hiyo ndugu anayekataa kukuandikisha kwake wakati hulali kwake asionekane mchoyo.

Halafu kuna sanduku la barua. Sisi tumezoea S.L.P. ya kanisa, shule au ofisi, jina halina shida. Kule mtu wa posta anasoma jina lililobandikwa kwenye kisanduku mlangoni. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, hata kama mtaa na namba ya nyumba viko sawa. Namba ya kodi ya Ujerumani, yenye tarakimu 11, inakuja kwa barua ya kawaida baada ya kuandikishwa. Mwajiri asipoipata anaweza kukukata kodi kwa kiwango cha juu. Siku ile ile ya kuhamia, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwenye kisanduku na kwenye kengele.

Kuondoka nako kuna taratibu zake, na hili ndilo husahaulika kuliko yote. Anayehama Ujerumani kabisa anajiondoa kwenye daftari kuanzia wiki 1 kabla ya kuhama hadi wiki 2 baada yake, na anapewa cheti. Akitunze. Ada ya redio na televisheni, inayotozwa kila nyumba, haifutwi na cheti hicho. Inabidi aandike barua nyingine na kuambatanisha nakala. Bima ya afya hali kadhalika. Bila hivyo madeni yanajilimbikiza kwenye anwani asiyoishi tena. Ajue pia kwamba kibali cha Ujerumani kwa kawaida hufa mtu akikaa nje zaidi ya miezi 6.

Lakini mzizi wa matatizo mengi uko huku kwetu, kwenye cheti cha kuzaliwa. Halmashauri za Uholanzi hukiomba wakati wa kumwandikisha mgeni. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Kimoja kimeandika Mwakyusa, kingine Mwakiusa. Karani wa kule hajui kwamba ni ukoo mmoja. Uhakiki wa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, uliofanywa kwa ajili ya mkopo wa chuo hautoshi: cheti kinahitaji muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi husika, na kila ubalozi una masharti yake. Balozi nyingi kati ya hizo ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na mzazi hawezi kupanda basi kila cheti kinaporudishwa.

Naviomba vyuo vyetu na dayosisi zinazopeleka vijana ziweke somo hili kwenye semina za maandalizi, na ukaguzi wa majina uwe kazi ya kwanza, angalau miezi 3 kabla ya safari. Cheti chenye jina lililokosewa hakirekebishwi kwa wiki moja.

Msomaji wako,
Soweto, Mbeya