Idi Mubarak kutoka Mvita: mzee asibusiwe mkono tu

Idi Mubarak, wana wa Mvita mlioko nyumbani na mlioko mbali. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, awarehemu waliotangulia, na awape afya wazee waliojaaliwa mwaka huu tena kuketi barazani wakipokea mikono. Na majirani zetu mliotuvumilia mwezi mzima, na leo mtakula pilau pamoja nasi, sikukuu njema kwenu pia.

Salamu zetu za mwaka huu zinawaelekea wazee, na nyinyi mnaokwenda kuwaamkia. Idi ndiyo siku ambayo mzee wa Mji wa Kale, Majengo au Likoni huonana na watu wengi kuliko siku zote. Wanaingia kwa makundi, wanabusu mkono, wanakula kaimati mbili tatu, wanapiga picha, wanaaga. Kutwa nzima mzee amezungukwa na watu, na hakuulizwa hata neno moja la kumtaka afikiri. Hili linatuuma, kwa sababu akili ya mtu mzima hunolewa kwa kutumiwa mbele za watu, na ucheshi ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Mtu hauelewi utani mpaka ashike kichwani maneno ya mwanzo, atarajie jambo moja, kisha aigeuze maana mara moja linapokuja jingine. Ubongo unaofanya hivyo mara kumi kwa siku haujalala.

Tuanze na masikio, maana wengi hudhaniwa wamepungukiwa na akili kumbe wamepungukiwa na usikivu. Usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti nyembamba. Herufi kama s, f, sh na th ndizo za kwanza kufifia, ilhali irabu bado husikika. Mjukuu akisema “sita”, mzee hupata “ita”, akajibu lisilohusika, watu wakatazamana. Kumpigia kelele hakusaidii: kelele hukuza irabu ambazo tayari anazisikia, na konsonanti zikazidi kumezwa. Mketishe mgongo ukiwa ukutani, mbali na feni na spika ya kaswida, mwanga wa dirisha ukimwangukia anayezungumza na si macho ya mzee. Sogea karibu akuone midomo, sema kwa kituo, na wengine wangoje zamu. Akikosa neno, usilirudie lilelile, libadili. “Saa sita” iwe “adhuhuri”.

Pengine ni nta tu iliyoziba. Matone mawili au matatu ya mafuta ya zeituni, mara tatu kwa siku kwa siku tatu hadi tano, huilainisha. Vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi, kwa hivyo visitumike. Sikio linalouma, linalotoa usaha au lililowahi kutoboka halitiwi kitu, apelekwe kiliniki. Na wala masikio si jambo dogo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kuwa yakishughulikiwa yote, takriban asilimia 45 ya visa vya dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na akili, vingezuilika au vingechelewa. Usikivu umo, macho yamo, presha na sukari zimo, na upweke umo.

Kosa la pili la siku ya Idi ni mtihani. “Babu, unanikumbuka mimi ni nani?” Mzee anatafuta, watu kumi wanamtazama, jina haliji, na kuanzia hapo ananyamaza mpaka magharibi. Jina la mtu kuchelewa kuja na kurudi baadaye ni jambo la kawaida la umri. Basi litangulize wewe: “Shikamoo babu, ni mimi fulani, mwana wa binti yako wa Kisauni.” Ukishampa mlango, yeye mwenyewe ataingia. Msamiati na mambo ya zamani hudumu kuliko wepesi wa kukumbuka, kwa hivyo muulize kule alikojaa: chombo gani kilikuja na kaskazi, mahari ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa hodari wa kutania harusini.

Akisimulia kisa kilekile mara ya tatu, usimkate kwa “ushakisema hicho”. Muulize jambo ambalo hakulitaja bado: nahodha alivaa nini, walikula nini njiani, nani aliyecheka wa kwanza. Swali la namna hiyo humtoa kwenye njia aliyoizoea, naye hulazimika kutafuta upya.

Kuhusu utani, desturi yetu imeshatuwekea njia. Nyanya humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”, babu humwita wa kike “mke wangu”, na hapo hupita posa, wivu na talaka za uongo. Utani huu uachwe uendelee. Wazazi wa siku hizi wengine huukatiza wakidhani ni utovu wa adabu, kumbe ndio uwanja pekee ambapo mtoto wa miaka saba na mzee wa miaka themanini hujibizana sawa kwa sawa. Mpaka wake mmoja: usahaulifu wa mzee usifanywe kichekesho mbele ya wageni. Yeye akijicheka, mcheke pamoja naye. Asipojicheka, nyamazeni.

Ikiwa nyumba yenu ina bao kabatini, leo litoeni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji 32. Mwanzo kila upande huwa na kete 10 tu ubaoni: sita kwenye nyumba, yaani shimo kuu la safu ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani mwake. Zile 22 hubaki mkononi, za kunamua, yaani kutiwa ubaoni moja moja. Kete moja unayonamua huweza kula, zilizoliwa husambazwa kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete mwendo unaendelea. Kwa hivyo mchezaji huupiga mwendo mzima kichwani kabla mkono haujagusa ubao, kisha anakisia jibu la mwenzake. Haya ni mazoezi ya kumbukumbu na subira kwa pamoja, na kejeli za watazamaji huyakoleza.

Linaloharibika ni hili: kijana asiyejua huwekwa mbele ya bingwa, mchezo ukaisha upesi, mzee akachoka; au kijana anayejua akamwachia mzee ashinde, mzee akatambua, akaudhika. Kwa anayeanza, chezeni bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, na mzee awe mwalimu. Aseme kwa sauti kwa nini anakwenda kulia na si kushoto. Kulieleza wazo ni kazi kubwa kuliko kulicheza. Vidole vikiwa vigumu, tafuteni komwe kubwa za kuwa kete. Asiyecheza bao ana dhumna, karata, au mashairi ya kujibizana: mtoto atoe mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, mzee autilie vina vyake papo hapo.

Sasa dawa, na hapa tunaomba mtuazime sikio, maana wiki ya Idi ina hatari yake. Mwezi mzima vidonge vilihamishiwa futari na daku. Leo kuna chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na kila nyumba saa hubadilika kivyake. Mmoja humeza mara mbili, mwingine hukosa kabisa. Andikeni karatasi moja: jina la dawa, kipimo, saa, na alama baada ya kumeza. Kama daktari alipunguza dozi ya sukari kwa ajili ya saumu, msiirudishe kwa kukisia. Mpigieni au mrudi kiliniki. Anayetaka kufunga zile siku sita za Shawali, mwezi unaoanza leo, akiwa na dawa za sukari, aulize kwanza.

Aliyemeza dawa ya sukari asubuhi kisha akazungushwa nyumba kwa nyumba bila kula mchana, sukari yake huweza kushuka. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema maneno yasiyoeleweka. Mpeni vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, msimtie kitu mdomoni; mkimbizeni hospitali.

Vidonge vya mafua na mwasho vinavyoleta usingizi, kama Piriton, huwachanganya wazee wengine akili. Na aliyetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi huweza kupungukiwa na vitamini B12, jambo linaloathiri neva na kumbukumbu. Kipimo cha damu huonyesha. Tieni dawa zote za nyumbani kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, mwende nao kliniki.

Maji: kiu hupungua kwa umri, lakini haja ya mwili haipungui, na joto la Mombasa halisubiri. Jagi la lita moja lililojazwa asubuhi liwe tupu baada ya asiri, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango. Kutembea nusu saa siku tano kwa wiki kunatosha. Kwenye bustani ya pwani ya Mama Ngina jioni pana upepo, na pana pa kupumzikia.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo si uzee. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au ya kifua, malaria, ukosefu wa maji au dawa. Aonwe siku hiyohiyo. Kinachokuja polepole nacho kisifichwe: kupotea njia ya msikiti aliouzoea, kushindwa kuhesabu chenji, kuuliza swali lile baada ya dakika mbili. Na hata ucheshi kugeuka: mtu mpole aliyeanza kucheka msibani, au kutoa matusi asiyowahi kuyatamka. Mwambieni daktari hilo pia, maana yapo maradhi ya ubongo yanayoanzia hapo.

Jioni watoto watarudi kutoka uwanja wa Makadara wamechoka na pembea, mifuko ina peremende. Kabla hawajalala, waketisheni mkekani mbele ya nyanya. Aanze na vitendawili anavyovijua tangu utotoni, kisha wamtake atunge kipya kuhusu simu, feri au bodaboda, kile ambacho hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kukisikia. Zimeni televisheni, washeni taa upande wa watoto, na nyanya akisema “Kitendawili!”, waitike wote wakimtazama: “Tega!”