Mashine ya nyasi siyo ng'ombe wa kuburuta

Mhariri, naomba kanafasi niongelee hizi mashine za kukatia nyasi za kukalia, zile unaendesha kama katrekta, watu wananunua za mtumba wanaangalia injini na rangi tu, giaboksi, yaani kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye matairi, hata hawaulizi ni ya aina gani.

Juzi kati shule moja huku kwetu petroli iliwaishia katikati ya uwanja, wakaifunga kamba kwenye pikapu wakaiburuta mpaka stoo. Kesho yake injini inawaka safi kabisa ila mashine haiendi mbele wala nyuma, fundi akasema gia zimekatika. Gia zipi jamani, ile ni haidrostatiki! Mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenye mota, mota ndo inazungusha matairi. Ukikanyaga pedali unainamisha kisahani humo ndani ya pampu, kikiinama kidogo unatambaa, kikiinama sana unakimbia, kikiinamia upande wa pili unarudi rivasi. Sasa ukiiburuta imezimwa, matairi ndo yanazungusha mota, oili haina pa kwenda, inapata joto na presha mpaka vitu vya ndani vinakufa. Kwa nyuma kuna kafimbo ka kufungulia njia ya oili, ukikavuta unaisukuma kwa mikono, taratibu, na siyo kwa pikapu.

Ya gia za mkono ni ngumu kufa. Ukikanyaga klachi mkanda unalegea tu, ila lazima usimame kwanza ndo ubadilishe gia, ukilazimisha inatembea unakula meno. Kwenye bustani ya miti mingi, mbele nyuma mbele nyuma, utachoka mguu, lakini uwanja wa mpira ulionyooka mimi nachukua hiyo hiyo.

Kuna na ya puli, yaani gurudumu la mkanda, linalobana na kuachia, mkanda unapanda au kushuka ndo spidi inabadilika, hiyo ikipoteza nguvu angalia mkanda kabla hujalaumu giaboksi. Zile unazoongoza kwa fimbo mbili za mkononi badala ya usukani, zinazojigeuza papo hapo, zina haidrostatiki mbili, kila tairi na yake, ila kwenye mteremko mkali mi sipandi.

Ile ya shule bado iko stoo chini ya turubai, na uwanja wanafyeka wanafunzi.

Mkata nyasi, Arusha