Barua kwa Baba na Mama kuhusu Meli Tutakayowapeleka Wajukuu Wenu Likizo

Houston, Texas
Januari 2026

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Sisi huku hatujambo, watoto ni wazima, na baridi ya mwaka huu imekuwa ya kuvumilika. Nimeusikiliza hadi mwisho ujumbe wa sauti wa Mama, ule alioutuma baada ya kusikia kutoka kwa dada kwamba tunakusudia kuwapeleka watoto likizo kwa meli mwezi wa Juni. Mama ameuliza kwa nini tuwapeleke majini watoto watatu wadogo ilhali nchi kavu ipo. Nimeona maelezo ya simu hayatatosha, kwa sababu mimi na mume wangu tumelipima jambo hili kwa muda mrefu, na ningependa mlijue kama tulivyolipima, ili Baba naye atoe neno lake kabla hatujakamilisha malipo.

Najua hofu ya Mama imetoka wapi. Mtu aliyekuwa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, na ambaye alikwenda Igoma kuzika, hawezi kusikia meli ikitajwa pamoja na wajukuu wake akatulia. Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, kidonda kile kilichubuliwa upya. Kwa hiyo sikuanza kwa kuuliza ni kampuni ipi yenye michezo mingi au chakula kitamu. Nilianza na swali ambalo Mama mwenyewe angeliuliza: saa yoyote ya mchana au ya usiku, nani anamwangalia mtoto, na ni kanuni gani inayombana mwangalizi huyo? Kampuni zote nilizozilinganisha nimezilinganisha kwa swali hilo.

Niseme kwanza kuhusu chombo chenyewe. MV Nyerere ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu wapatao 100, nayo ikabeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na hakuna aliyejua kwa hakika ni akina nani waliokuwamo. Katika meli hizi za kitalii kila abiria, hata mtoto mchanga, ameandikwa kwa jina, ana picha yake katika kumbukumbu za meli, na huhesabiwa kila anapoingia na kila anapotoka. Kisha kuna mafunzo ya dharura. Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, mwezi wa Januari 2012, na watu 32 kufariki, kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na sasa abiria wote hupewa mafunzo hayo kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka, bila kungoja siku ya pili. Watoto hufungwa mkononi utepe wenye alama ya kituo chao cha kukusanyikia, ili mfanyakazi yeyote atakayemkuta mtoto peke yake wakati wa dharura ajue pa kumpeleka. Jaketi okozi za watoto na za wachanga zipo kwa vipimo vyao. Haya ni ya kampuni zote, kwa hiyo hayakutusaidia kuchagua, lakini nimeyaandika kwa ajili ya Mama.

Bandari tuliyoiamua ni Galveston, ambayo kwa gari ni mwendo wa kama saa moja kutoka hapa kwetu. Tungeweza kuruka hadi Florida, ambako meli ni nyingi zaidi, lakini tiketi tano za ndege zingekula sehemu kubwa ya fedha, na kuwasafirisha watoto kwa ndege asubuhi ili wapande meli mchana ni kuwachosha kabla likizo haijaanza. Galveston kuna kampuni tatu tulizozitazama kwa makini: Carnival, ambayo imekuwa ikitumia bandari hiyo tangu mwaka 2000, Royal Caribbean, iliyofungua jengo lake la abiria hapo mwezi wa Novemba 2022, na Disney, ambayo huja kwa misimu tu. Norwegian na MSC nazo tulizipitia, hatukukaa nazo sana.

Mzigo wote wa uamuzi uko kwa kitindamimba wetu. Dada yake ana miaka saba na kaka yake minne, nao hakuna kampuni ambayo ingewakataa. Yeye ndiyo kwanza amefika miaka miwili, na bado anavaa pampasi. Kampuni nyingi huwapokea abiria kuanzia umri wa miezi sita, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu kuanzia mwaka mmojа, kwa hiyo kupanda meli si tatizo. Tatizo ni klabu za watoto, yaani zile kumbi ambamo watoto hucheza chini ya walezi wa meli. Royal Caribbean na Disney huanza kuwapokea watoto bure wakiwa na miaka mitatu, tena kwa sharti kwamba mtoto awe ameacha pampasi na anaweza kwenda chooni. Carnival huwapokea kuanzia miaka miwili, na walezi wake hukubali kubadilisha pampasi. Nilipolisoma hilo nilidhani uamuzi umekwisha, maana kati ya hizo tatu ni kampuni moja tu iliyomfungulia mlango mtoto wetu mdogo bila malipo ya ziada.

Mume wangu ndiye aliyeuliza habari za mabwawa ya kuogelea. Disney iliweka waokoaji kwenye mabwawa yake mwaka 2013, na Royal Caribbean ikafuata mwaka 2017. Carnival haiweki waokoaji; hubandika tangazo kwamba mzazi ndiye mwenye jukumu la kumwangalia mtoto wake. Sisemi kwamba mwokozi anachukua nafasi ya mzazi, na wala sikusudii kumwacha mtoto wangu mikononi mwa kijana aliyeketi juu ya kiti kirefu huku mimi nikisoma gazeti. Lakini mtoto anayezama hapigi kelele wala harushi mikono kama watu wanavyodhani. Hunyamaza, naye hupotea machoni katika muda ambao mama anamfunga mwenzake kiatu. Sisi ni watu wazima wawili kwa watoto watatu. Jicho la tatu, lililofunzwa kazi hiyo na lisilo na shughuli nyingine, nimeliona lina thamani kuliko klabu ya bure.

Juu ya hayo, kitindamimba hataruhusiwa kuingia katika bwawa la kawaida la meli yoyote, hata akivalishwa pampasi za kuogelea. Hiyo ni kanuni ya afya ya Marekani, kwa sababu maji ya mabwawa hayo huzungushwa na kurudishwa, na uchafu wa mtoto mmoja unaweza kuwaambukiza abiria wengi. Baadhi ya meli za Royal Caribbean na za Disney zina sehemu ndogo ya maji yanayoruka, iliyotengwa kwa ajili ya watoto wa pampasi, na huko atacheza bila kuvunja kanuni. Kwa mtoto wa miaka miwili anayewaona kaka na dada yake wakirukaruka majini, kunyimwa kabisa ni adhabu asiyoielewa.

Mjukuu wenu mkubwa aliitaka Disney, nami simlaumu. Nimeichunguza kampuni hiyo kwa moyo mweupe na nimeona sifa zake ni za kweli. Meli zake hazina kumbi za kamari, jambo ambalo najua Baba angelipenda. Vyumba vyake vingi vina choo na bafu vilivyotenganishwa kwa ukuta, ili mtoto mmoja aoge huku mwingine akijisaidia, na mwenye watoto watatu anajua asubuhi moja ya namna hiyo ina maana gani. Wahudumu wa mezani huifuata familia kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine kila jioni, kwa hiyo mtoto haoni sura mpya kila anapokula. Katika klabu ya watoto kila mtoto huvaa bangili yenye kifaa kinachoonyesha alipo. Kuna pia chumba cha malezi kwa wachanga wa kuanzia miezi sita, kinacholipiwa kwa saa. Bei yake, hata hivyo, mara nyingi hukaribia mara mbili ya ile ya wenzake kwa safari ya urefu uleule, na mimi siwezi kuitoa fedha hiyo katika mwaka ambao tumeahidi kulipa ada ya mdogo wangu chuoni. Nimemweleza binti yangu hivyo hivyo, naye amekubali, ingawa si kwa furaha.

Tumechagua Royal Caribbean. Kwa kitindamimba, meli tuliyoichukua ina chumba cha malezi cha watoto wa miezi sita hadi thelathini na sita, kinacholipiwa kwa saa, na nafasi zake ni chache, kwa hiyo tutaweka nafasi mapema kwa jioni moja au mbili tu ili mimi na baba yao tule chakula kwa utulivu. Muda mwingine wote atakuwa nasi. Ukumbi wa kamari upo, lakini watoto hawaruhusiwi kuingia, nasi hatuna haja nao.

Bei iliyotangazwa si bei utakayoilipa, na hili ningependa hata wifi alijue iwapo siku moja watasafiri. Kila mtu hutozwa bakshishi ya wahudumu, takriban dola 16 hadi 19 kwa siku, na mtoto wa miaka miwili huhesabiwa sawa na baba yake. Kwa watu watano hiyo ni dola 80 au zaidi kila siku. Kuna kodi za bandari. Vyumba vingi hulaza watu wanne, kwa hiyo familia ya watu watano hulazimika kutafuta chumba maalumu au kuchukua viwili vyenye mlango wa ndani. Sisi tumepata viwili vya namna hiyo, katikati ya meli na ghorofa za chini, ambako mtikisiko wa mawimbi ni mdogo. Vina dirisha lisilofunguka. Wakala alitusihi tuchukue vyenye roshani, akatueleza kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kingo ziwe na kimo kisichopungua sentimita 107. Nilimjibu kwamba kingo ni ndefu, lakini roshani huwekwa viti, na mwanangu wa miaka minne hupanda chochote kinachopandika. Kwa hilo sikutaka mjadala.

Baba, wewe uliyekuwa afisa afya utapenda kusikia haya. Meli zinazofika bandari za Marekani kutoka nchi za nje hukaguliwa bila taarifa na wakaguzi wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambao huangalia majiko, maji ya kunywa, mabwawa na vyumba vya watoto, kisha hutoa alama kati ya 100. Inayopata 85 au chini yake imefeli, na matokeo huwekwa hadharani ili kila mtu ayasome. Nilizisoma ripoti za meli yetu moja baada ya nyingine kabla ya kulipa malipo ya awali. Ugonjwa unaosumbua zaidi melini ni ule wa kuhara na kutapika unaoletwa na norovirusi, na dawa ya mikono yenye spiriti haiufai sana. Kinga yake ni maji na sabuni, kama ulivyotufundisha tangu tukiwa wadogo. Daktari na wauguzi wamo melini, lakini gharama zao ni kubwa na bima yetu ya kawaida haizilipi, kwa hiyo tumekata bima ya safari inayolipia pia kusafirishwa kwa mgonjwa hadi hospitali ya nchi kavu.

Tumechagua juma la kwanza baada ya shule kufungwa. Msimu wa vimbunga katika upande huu wa Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kuishia 30 Novemba, lakini nguvu yake kubwa ni kati ya katikati ya Agosti na Oktoba, na wakati huo tutakuwa tumekwisha kurudi zamani. Meli itafika Cozumel na Costa Maya, nchini Mexico. Watoto, kwa kuwa ni raia wa hapa, wangeruhusiwa kusafiri kwa vyeti vya kuzaliwa tu, kwa sababu safari inaanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani. Nimewaombea pasipoti hata hivyo, maana mtoto akiugua Cozumel na ikalazimu arudishwe kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakitampandisha ndege. Mimi na mume wangu tutatumia pasipoti zetu za Tanzania pamoja na kadi za ukaazi wa kudumu, na kwa kadi hizo Mexico haitudai viza.

Malipo ya mwisho yanatakiwa takriban miezi mitatu kabla ya safari, yaani mwanzoni mwa Machi. Hadi wakati huo bado kuna nafasi ya kubadilisha, na ndiyo maana nimeandika kwa urefu huu. Naomba Baba aisome barua hii pamoja na Mama, na kama kuna jambo ambalo hatukuliangalia, aniambie waziwazi Jumapili nitakapopiga simu. Mama naye nitamtumia picha ya jaketi okozi ya kitindamimba mara tutakapoikabidhiwa, na tukifika Cozumel watoto wote watatu watazungumza naye kwa video.

Wasalimieni kaka, wifi, na jirani zetu wote wa Kirumba.

Binti yenu awapendaye