Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: sio kodi kubwa tu jamani

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mi nina steshenari ndogo Mwanjelwa hapa Mbeya, wanafunzi wanakuja kutoa kopi za notsi na mashine ikigoma huwa nazisoma, sasa kila nikifika pale kwa nini makoloni ya Marekani yalidai uhuru toka Uingereza jibu la kwanza ni kodi kubwa, wanakariri hivyohivyo, mtihani ukipita imeisha.

Mheshimiwa, ile sheria ya chai ya 1773 ilishusha bei ya chai! Kampuni ya East India, kampuni ya biashara ya Waingereza, iliruhusiwa kuuza kwenye makoloni moja kwa moja, ikawa rahisi, ila ushuru wa peni 3 kwa ratili ukabaki, na aliyeupanga ni bunge la London ambako watu wa makoloni hawakuwa na mbunge hata mmoja. Ndo maana Desemba ile pale Boston wakatosa makasha 342 ya chai baharini. Ugomvi ulikuwa nani anapanga. Na barua zilikuwa zinavuka bahari kwa meli za tanga wiki na wiki, ukilalamika leo jibu linakukuta mambo yameshaharibika (kama lipo).

Ila kuna kipande kwenye notsi sijakiona kabisa. Mwaka 1763 mfalme aliwakataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia kwenda kukaa kwenye ardhi ya wenyeji, wakanuna kwelikweli. Yaani sehemu ya uhuru wao ilikuwa uhuru wa kuchukua mashamba ya watu, na watumwa wao baada ya 1776 wengi wakabaki watumwa.

Sisi wa Mbeya hili tungelielewa haraka, limetupitia mlangoni. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru toka London hiyohiyo, kisa London ilitaka waafrika walio wengi waje watawale, wao hawataki. Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yanapitia Rhodesia, ikabanwa, malori yakawa yanapita huku kwetu kwenye matope na vumbi, likaja bomba la mafuta, ikaja reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 mpaka 1975.

Kwa hiyo naomba swali la mtihani lisiishie kwenye taja sababu, mtoto aulizwe pia hao walowezi wakishaachiwa wajiamulie walitaka kumuamulia nani. Na shule za hapa ziruhusiwe kwenda kufundishia somo hili stesheni ya TAZARA, daladala zipo, kopi za notsi siku hiyo natoa bure.

Mwenye steshenari, Mwanjelwa