Kidubu Kilichogeuka Pimbi

Kikuyu, Dodoma
Septemba

Mpendwa Mwanahamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Tanga. Nimefurahi kusikia kwamba nawe umepata kile kidubu cha plastiki cha kuunganisha kiitwacho Petit'gguy, cha kampuni ya Bandai ya Japani, na kwamba hutaki kibaki dubu. Changu nimekigeuza pimbi, na kwa kuwa umeniuliza namna nilivyofanya, nitakaa zaidi kwenye rangi, kwani mengine karatasi ya maelekezo imeyaeleza vizuri.

Kuunganisha hakuna taabu, maana vipande vinabanana vyenyewe bila gundi. Angalia tu pale kipande kinapokatwa kutoka kwenye fremu yake, panapobaki kinundu kidogo; mimi nakikata kwa nelikata, nakisugua kwa msasa namba 600 kisha 1000, halafu naviosha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta. Kila kipande nakibana kwenye kijiti cha mshikaki ili nisikiguse tena kwa vidole.

Kwenye praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, ndipo Dodoma inapotutesa. Upepo wa miezi hii unabeba vumbi, na hewa ni kavu kiasi kwamba rangi ya kupuliza inaweza kukauka kabla haijafika kwenye plastiki, ikatua kama unga na kuacha uso unaokwaruza. Kwa hiyo napuliza alfajiri, kabla upepo haujaanza, huku nikilisogeza kopo karibu kidogo, kisha navifunika vipande kwa beseni. Kwenu shida ni kinyume: unyevunyevu wa pwani unaweza kuifanya vanishi isiyong'aa iingie ukungu mweupe, hivyo subiri siku kavu hata kama mikono inakuwasha.

Kabla ya kufungua rangi nilikwenda kuwatazama pimbi wenyewe kwenye majabali ya pembezoni mwa mji. Ukimkaribia pimbi unagundua kwamba si wa kahawia tupu: manyoya yamechanganyika kijivu na weusi, tumbo limepauka, na huyu wetu ana doa jeupe juu ya kila jicho, linalompa sura ya mtu aliyeshtushwa usingizini. (Jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva, jambo ambalo mpwa wangu amekataa katakata kuliamini.) Nilipaka kahawia kwanza, akriliki iliyozimuliwa kwa maji, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba. Baada ya hapo nilichovya brashi ngumu kwenye kijivu, nikaifuta kwenye karatasi mpaka ikaonekana haina kitu, ndipo nikaipitisha mgongoni kwa mipigo mifupi; ile rangi kidogo iliyosalia ndiyo iliyoleta manyoya.

Lakini kinachomfanya mtu atamke "jamani!" anapokiona ni macho. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, aliandika kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa yaliyokaa chini usoni na mashavu ya mviringo hutuamshia huruma ile ile tunayoionea watoto wachanga. Kidubu hiki tayari kina kichwa na mashavu. Nililofanya mimi ni kuyashusha macho chini ya nusu ya uso, kuyatenganisha, na kuweka kwa kijiti cha meno nukta moja nyeupe kwenye kila jicho, zote upande mmoja, kwa kuwa mwanga hutoka sehemu moja. Nikaacha hapo. Utashawishika kuongeza kope, tabasamu na mashavu ya waridi, na nakusihi usifanye hivyo, maana pimbi hana haya ya kumfanya aive mashavu. Waliochora wanyama kwenye miamba ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, mara nyingi walitumia rangi nyekundu peke yake, na bado twiga wao unamtambua kwa shingo.

Umesema unasita kati ya paka na komba. Ukichagua komba, anza na macho kabla ya manyoya, kwa sababu yatachukua karibu uso mzima na kahawia itabidi iyazunguke. Ukichagua paka, niandikie kwanza rangi yake, kwani mistari inataka tepu ya karatasi, na hiyo naweza kukutumia kwa basi.

Wako,
Yohana