Usivuke Nungwi Peke Yako

Wete, Pemba
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sote hatujambo, ila goti la mamaako, nalo halina jipya. Bahasha yako ilifika Jumatatu na beti 112 za utenzi wako ndani yake. Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu mamaako hunipokonya kabla sijafika penyewe, nawe ukisikia sauti yangu imepanda husema mtandao unakatika.

Nianze na lililoninyima usingizi. Umeandika kwamba beti zilizobaki, zile za bahari yenyewe, hazitungiki ukiwa umekaa chumbani Mwanakwerekwe. Kwamba utapanda boti, na mkikaribia Nungwi, pale meli ilipozama na kakako ndani yake, utatoa daftari uandike hapo hapo. Peke yako. Neno hilo umelipigia mstari. Mwanangu, andika utakacho, lakini usivuke Nungwi peke yako.

Miaka 8 unaishi Unguja na hujaja nyumbani kwa boti hata mara moja. Ni ndege ndogo mpaka Chake, na nauli yake tunaijua. Idi mbili zilizopita hukuja kwa sababu nauli haikupatikana, na boti zilikuwepo kila siku. Mamaako alikuwekea visheti mpaka vikaingia sisimizi. Sikukusema wakati ule. Leo nakusema, na leo hiyo hiyo unaniambia unakuja kwa boti nami nakutia breki. Naona mwenyewe kwamba maneno yangu yanagongana. Yaache yagongane, ila uyasikie yote mawili.

Sasa tuje kwenye utenzi.

Umeahidi beti 300, umeahidi kuzisoma baada ya khitma ya waliozama, Alhamisi ya tarehe 10 Septemba, mbele ya watu ambao kila mmoja ana mtu wake. Tayari habari imefika mskitini. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Bintiyo ndiye atakayetusomea?" Nikasema ndiye. Nilirudi nyumbani nimejaa, sikuficha. Usiku nikaanza kuogopa: ukishindwa beti ya 113, je? Ukisimama pale sauti ikakataa, je? Mtu aliyeahidi hadharani hana mlango wa nyuma. Baadaye nikafikiri kwamba pengine ndiyo sababu umeahidi hadharani.

Sizisomi vizuri herufi zako, kwa hiyo nilimwita mtoto wa jirani anisomee, nami nikahesabu kwa vidole juu ya goti. Mizani umeishika. Katika beti 112 nimekamata vipande sita tu vilivyozidi au kupungua, nimevitia alama kwa penseli. Vina vya kati vimekaa. Ila umechagua bahari ya "ni", kina kile kinachofungia kila ubeti, na hiyo ndiyo bahari ya wavivu, kwa sababu kila mahali panaingia humo: gizani, majini, nyumbani, pwani. Kufika beti ya 60 sikio limeshajua linakokwenda. Nenda polepole na mahali. Tafuta "ni" nyingine: imani, amani, kwa nini, nani. "Nani" ni neno kubwa katika jambo hili na hujalitumia hata mara moja.

Jingine. Umeanza moja kwa moja na bandari ya Malindi, mizigo na watu. Hukumtaja Mola, hukuomba wino wala karatasi. Utasema hayo ni ya wazee. Mwana Kupona alikuwa anaumwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, na bado aliuanza kwa kumwita binti asogee, akae na wino na karatasi. Nilifundisha beti zile miaka mingi nikiwaambia watoto kwamba huo ni utaratibu wa dibaji, andikeni, utaulizwa kwenye mtihani. Safari hii, kwa vile nimesubiri siku tatu kabla ya kushika kalamu hii, nimeona jingine. Aliye na jambo zito la kusema anahitaji kwanza kazi ndogo ya mikono. Leta wino. Leta karatasi. Kaa hapa. Moyo unapata pa kushika. Wewe umejitupa majini bila kushika chochote, ndiyo maana umekwama kwenye 112. Rudi nyuma utunge dibaji, hata beti saba tu.

Kuna ubeti nimeurudia zaidi ya mengine, ule wa 71:

Usiku uliingia
Mawimbi yakatujia
Na watu wakalilia
Majina yao gizani

Mizani ni nane kila mahali, sina la kusema. Lakini "yakatujia"? Wewe ulikuwa na miaka 11, umelala chumba cha nyuma na bibi yako. Nikatia penseli: yakawajia. Mtoto alipousoma tena nikaona haufai, nikafuta. Karatasi imechubuka kidogo hapo, utaona. Uache ulivyouandika.

Yaliyotokea usiku ule na siku zilizofuata unayajua, na ami yako alikusimulia ya Maisara, kwenye uwanja watu walikokwenda kuwatambua maiti wao, kuliko alivyopaswa kumsimulia mtoto. Sitayaandika. Ila kuna jambo ambalo sina hakika kama unalijua. Kakako alikuwa aje Jumamosi, kwa boti ya mchana. Kuna mtu alimpigia simu Alkhamisi usiku, akamwambia karafuu za kwanza zimeiva na wachumaji hawatoshi, asipoteze siku. Ndiyo akapanda Ijumaa usiku. Hilo halimo katika beti zako na sikulazimishi ulitie. Nimekuandikia tu ili usije ukatunga kwamba alikuwa na haraka ya kwake. Hakuwa na haraka.

Nikuulize, kwa nini hukumtaja? Beti 112, na kila unapomfikia unaandika "kaka", "ndugu yangu", "kijana wetu". Mwanzo nilidhani jina limekataa kuingia katika mizani, kwa sababu majina marefu hukataa. Nikalijaribu mwenyewe. Suleimani kakangu. Hesabu: Su-le-i-ma-ni ka-ka-ngu. Nane kamili, Zuhura, hakuna cha kukata wala cha kuongeza, na vina vya "ngu" viko tele. Au ukitaka likae kwenye bahari, jina lake lenyewe linaishia na "ni". Nimekaa nalo hilo tangu Jumanne. Miaka 28 nimefundisha mizani katika skuli za Pemba na sikuwahi kulihesabu jina la mwanangu.

Mwezi wa Ramadhani, tulipohamisha kabati kwa ajili ya paa linalovuja, nilikuta daftari lako la darasa la sita. Unalikumbuka shairi lililomo. Mle ulikuwa umemtaja jina lake, mstari wa kwanza kabisa. Pembeni kuna wino mwekundu: mizani imepungua, kina kimevunjika, 4 kwa 10. Wino haujafifia hata kidogo. Daftari lipo, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Ukilitaka nitakupa, na usipolitaka nitakaa nalo mimi.

Karafuu zimeanza. Mwaka huu si haba, ila wachumaji wanadai zaidi kwa pishi na hawataki tena kupanda matawi ya juu, na siwalaumu. Jamvi kubwa limetoboka, tunaanika nusu nusu. Usiku tunakaa barazani kuchambua, na mikono yangu yote ni makonyo, hata karatasi hii utaisikia harufu. Mbuzi mweupe kazaa pacha, mmoja dhaifu. Paa lile la jikoni nimeligonga bati mbili mpya. Deni la dukani limebaki kidogo, usitume kitu kwa ajili ya hilo. Ukitaka kutuma, mtumie mamaako dawa zake za presha, maana zile za huku huisha dukani kila mwisho wa mwezi, naye hukaa kimya mpaka kichwa kimuume.

Mamaako atakwambia habari za macho yangu, basi bora uzisikie kwangu. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari aliandika niende Unguja nikatolewe. Nimemwambia nitakwenda karafuu zikiisha. Huu ni msimu wa tatu nasema hivyo. Watu wanaokwenda hurudi jioni ya pili wanaona mpaka sindano, nimewaona. Kwa hiyo si jicho ninaloliogopa. Sasa umejua na wewe, na usinipigie simu kwa ajili hiyo.

Narudi pale pale. Usivuke Nungwi peke yako.

Nitakwambia kwa nini nakazania. Kusi bado lina nguvu, na ingawa Septemba linaanza kulegea, mkondo wa Nungwi haujali jina la mwezi. Boti itanyanyuka na kuanguka, watu watatapika, watoto watalia, hilo ni jambo la kila siku na boti hufika. Lakini wewe utakuwa umeinamisha kichwa kwenye daftari unatafuta "ni" ya ubeti wa 150, na pale pale mwili utakumbuka kabla ya akili. Najua mwili unavyofanya. Mwaka juzi nilifika mpaka gatini Mkoani, tiketi mkononi, begi begani, na miguu ikagoma. Mamaako anajua kwamba siku ile boti ilijaa. Haikujaa.

Kwa hiyo mimi sitakuja kukuchukua. Ningependa niandike kwamba nakuja, nimejaribu kuiandika sentensi hiyo na nimeichana karatasi. Siwezi, mwanangu. Wewe unaweza, na sijui ulikoutoa moyo huo, kwangu hukuutoa. Nimezungumza na binti wa ami yako, Mwanahamisi. Anasema atapata ruhusa kazini na atapanda nawe. Yeye hazungumzi sana, hatakusumbua na daftari lako. Kazi yake ni kukaa ubavuni, basi. Ukitaka kuandika, andika. Ukishindwa kuandika, mshike mkono muangalie nje mpaka mpite. Beti zitakazokosekana utazitunga hapa barazani, na mimi nitahesabu.

Na kama beti 300 hazikutimia, soma zilizopo. Tenzi humalizika kwa mtunzi kutaja jina lake, tarehe na idadi ya beti. Taja idadi ile uliyonayo. Asikuambie mtu kwamba umevunja ahadi. Nikiwa mimi ndiye nitakayekwambia, maana najijua, nikumbushe barua hii.

Usije na boti ya usiku. Usije siku ya mwisho. Fika Jumanne, upate kulala, upate kulizoea kwanza eneo la mskiti na kipaza sauti chake, ambacho hupiga mluzi ukikisogelea. Kula kabla ya kupanda, lakini kidogo, mkate na chai ya tangawizi, usile maziwa. Kaa katikati ya boti, chini, ambako hapanyanyuki sana. Jaketi la kuokolea uliza liko wapi kabla hamjang'oa, usione haya, uliza mara mbili. Penseli, si kalamu ya wino, maana maji ya chumvi yakirukia wino hubaki doa.

Mamaako anauliza mchele wa khitma. Mwaka jana kilo 50 hazikutosha, na safari hii watakuja na watu wa Kojani na Micheweni kwa ajili yako. Anasema pia uje na kanga mbili za kufunika sinia, zilizoko zimechakaa. Na umletee bibi yako ubani wa Darajani, ule mweupe, si wa vijiwe vyekundu. Anauliza kila siku unakuja lini. Hatujamwambia kwa njia gani.

Nitakuwa Mkoani tangu asubuhi. Niandikie au nipigie kabla ya Jumatano ijayo unitajie siku na boti, nimlipe arubuni dereva wa gari, kwa sababu wakati huu wa karafuu magari hayapatikani.

Babaako