Meza yangu ya pool

Chang'ombe, Dodoma

Ndugu yangu Juma,

Mbukwa! Habari za Manyoni? Huku ni upepo na vumbi tu, watoto wazima.

Juzi umenisema sana kwenye simu, eti nimechezea hela kununua meza ya pool badala ya runinga ya pili ya kibanda changu cha kuonyeshea mpira. Salio likaisha kabla sijajitetea.

Unakumbuka 31 Januari 2013, walipozima matangazo ya runinga ya analojia hapa Dodoma? Majirani hawakuwa na ving'amuzi, wakajaa kwangu hata kwa taarifa ya habari. Nikajiona tajiri. Walipovinunua, nikabaki na mabenchi yangu.

Sasa sikia ya Januari 2024, Taifa Stars na Zambia. Msuva keshafunga dakika ya 11, kibanda hakina pa kukanyaga, kila kichwa mia tano. Kipindi cha pili, pap! Umeme umekata. Jenereta nalo likagoma (usicheke). Nikaanza kurudisha hela, maana kelele zilizidi. Mia tano niliyomkabidhi kijana mmoja wa bodaboda niliifuata kwa macho: ikavuka barabara, ikaishia kwa muuza mishikaki. Wenzake walikuwa wameshaizunguka meza ya pool ya yule jamaa wa chini ya mwarobaini, wanamulikiana kwa tochi za simu. Zambia waliposawazisha dakika ya 88 tulisikia kwenye redio ya dukani, na wale wa pool hata hawakugeuka.

Mtu akishatoka kwake na hela ya starehe, Juma, hairudishi nyumbani.

Hata dogo anayejaza season kwenye flash kaniambia yaleyale. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma tangu 2 Mei hadi 27 Septemba, na waigizaji wakaingia Julai, season mpya zikachelewa. Wateja wake hawakumsubiri. Kina mama walihamia tamthilia za Kituruki, vijana wakanunua bando wakazama TikTok. Season zimerudi, vijana ndio hao hawaonekani.

Basi meza nimeiweka palepale mlangoni, na taa ya sola juu yake. Mchezo mmoja mia tatu. Alhamisi umeme umekata saa mbili kasoro, hakuna aliyevuka barabara.

Ukija Pasaka njoo na fimbo, hizi zangu mbili moja imeshapinda.

Wako,
Athumani